Miji ya Asia Niliyoiona kwa Nauli Ndogo

Yafuatayo ni mazungumzo ya mwalimu mstaafu mmoja wa Wilaya ya Kisarawe, aliyoyatoa mbele ya walimu na watumishi wa serikali waliokutana Vihingo.



Mliponialika nije kuwaeleza habari za safari yangu ya Asia, nilisita. Wasafiri warudio kutoka ng'ambo tunawafahamu sote. Huanza kwa kuhesabu ghorofa, wakamalizia kwa kutusimanga kwamba sisi tumelala. Mimi ghorofa sikuzihesabu, wala sikuwa na fedha ya kupandia juu ya hata moja katika hizo. Nilikwenda na begi moja. Nililala katika nyumba za wageni zile ambazo mtu hukodi kitanda tu, si chumba. Nilikula chakula cha kando ya njia. Na kila nilikofika nilipanda chombo kile kile wanachopanda vibarua wa pale. Kwa hiyo nitakayoyasema ni habari za miji hiyo kama inavyoonekana kwa mtu asiye na kitu mfukoni. Sidhani kwamba nimepunjika. Mwenye fedha huonyeshwa mji mmoja tu popote aendapo duniani: chumba chenye ubaridi, gari lenye ubaridi, na kijana wa kumfungulia mlango.

Fedha za safari hiyo nilizipata wapi, hilo nitalieleza baadaye, maana ndilo lililonifanya niukubali mwaliko wenu.

Nilianzia Mumbai, mwaka 2024. Sisi wa Kibaha na Kisarawe ni watu wa reli, ama tuseme tumepitiwa na reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970, ikakabidhiwa rasmi kwa nchi zetu mbili mwaka 1976. Na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Soga na Ruvu ikielekea Morogoro na Dodoma. Lakini mkulima wa huku huitazama treni kama anavyoitazama ndege: ni kitu chenye safari zake, naye ana zake. Mumbai si hivyo. Huko treni ya kwanza ya abiria iliondoka Bori Bunder kwenda Thane, mwendo wa kilometa 34, mwaka 1853, na tangu wakati huo mji wenyewe umekua kwa kuifuata reli. Nilikata tiketi ya daraja la pili kwa rupia 5, kiasi ambacho kwa fedha zetu hakitoshi kununua hata nusu kikombe cha chai, nikasafiri pamoja na makarani, wachuuzi wa samaki, wanafunzi na wale wabebaji wa vyakula vya mchana ambao kwa zaidi ya miaka 100 wamekuwa wakichukua chakula kilichopikwa nyumbani na kukifikisha kwa mwenyewe kazini.

Sitaki mdhani kwamba ninaisifu tu. Milango ya treni zile haifungwi, na watu huning'inia nje kama popo. Katika mwaka 2023 peke yake walikufa watu zaidi ya 2,000 katika reli za mji ule, wengine kwa kuanguka, wengine kwa kugongwa wakivuka njia. Mimi mwenyewe siku ya pili nilibakiza mguu mmoja nje, treni ikaanza kuondoka, na mtu nisiyemjua akanikamata ukosi wa shati akanivuta ndani. Hakusema neno. Aliniachia, akaendelea kusoma gazeti lake lililokunjwa mara nne ili lipate nafasi. Nauli ya rupia 5 ni jambo jema, ila mtu asiye na kitu huilipa pia kwa namna nyingine.

Bangkok nitaipitia haraka. Ni mji wenye watu wa juu na watu wa chini. Juu ya nguzo hupita treni iliyofunguliwa mwaka 1999, safi na baridi, na nauli yake si ya kibarua. Chini ya nguzo hizo hizo yupo mama anayechoma nyama kwa jiko la mkaa, lipo basi kuukuu lenye madirisha wazi, na nyuma ya majengo ipo mashua ya abiria inayokimbia katika mfereji wa maji meusi. Nilipoona lile jiko la mkaa nilikumbuka nyumbani. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba mkaa utakwisha mijini pindi maendeleo yatakapofika. Kumbe maendeleo yanaweza kufika, yakapita juu, na mkaa ukabaki chini.

Kutoka huko nilisafiri kwa reli na kwa basi kupitia Malaysia hadi Singapore. Hapa naomba nitulie kidogo.

Singapore husifiwa kwa sababu ambazo hazikunigusa: usafi, faini, bustani za maua. Lililonigusa ni meza. Kila mtaa niliopita ulikuwa na jengo la wazi lenye paa, meza za kudumu, maji ya bomba, mahali pa kunawa, na vibanda vidogo vya wapishi vilivyopangwa mistari. Mama lishe na baba lishe wa kila kabila wamo humo. Nilikula wali na samaki kwa dola chache za kwao, na jirani yangu mezani alikuwa mtu aliyevaa tai. Niliuliza mambo haya yalianzaje. Wapishi hao au wazazi wao walikuwa wachuuzi wa barabarani, wakifukuzwa na askari kama wanavyofukuzwa kwingine kote. Mwaka 1968 na 1969 serikali yao iliwaandikisha, wakapatikana wachuuzi kama 18,000. Kisha tangu mwaka 1971 ikaanza kuwajengea majengo yale, na kazi hiyo ikachukua miaka 15 hivi. Jambo la kuangalia ni mahali yalipojengwa: chini ya nyumba za watu, karibu na vituo vya mabasi. Mchuuzi hakupelekwa mbali na mteja wake. Mwaka 2021 wamachinga wa Dar es Salaam walipohamishwa kutoka barabarani kwenda katika maeneo waliyopangiwa, wengi walilalamika kwamba wateja hawafiki huko. Wala si kwamba Waswahili hatujui kujenga paa na meza. Tatizo ni kwamba pale palipo na wateja, ardhi ilikwisha kugawanywa zamani, na hakuna aliyebakiza kipande kwa ajili ya mama lishe.

Ardhi, Ndugu zangu. Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo sikuwa nimelifuata. Mwezi Mei mwaka 1961 moto uliteketeza mtaa wa mabanda wa Bukit Ho Swee, na watu kiasi cha 16,000 wakabaki bila makao. Shirika lao la nyumba, lililokuwa limeundwa mwaka 1960, liliwajengea nyumba za ghorofa pale pale. Leo watu wanane katika kila kumi wa nchi ile wanaishi katika nyumba za shirika hilo. Lakini hayo hayakuwezekana kwa ufundi wa matofali tu. Yaliwezekana kwa sababu sheria ya mwaka 1966 iliipa serikali uwezo mkubwa wa kuichukua ardhi kwa faida ya umma, tena kwa fidia ambayo waliokuwa na ardhi waliiona ndogo mno. Hata mwenye nyumba leo hana zaidi ya hati ya miaka 99, neno ambalo kwa masikio ya Mtanzania si geni.

Nisiwafiche na upande wa pili. Jioni, wakati watu wa tai wanarudi nyumbani kwa treni, niliona malori yaliyopakia vijana wa Bangladesh na India, wamekaa juu ya sakafu ya lori, wamechoka, kofia za ujenzi zikiwa magotini. Hao ndio wanaojenga. Hawalali katika zile nyumba zinazosifiwa. Wana mabweni yao pembezoni, na mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoenea ndani ya mabweni hayo ndipo wenyeji wengi walipopata kujua jinsi vijana wale walivyorundikwa. Nyumba yangu ya wageni ilikuwa na vitanda kumi chumba kimoja, nami nilikuwa nikinung'unika. Nilipoyaona malori yale niliacha.

Sasa nije Guangzhou, ambako ndiko nilikokaa siku nyingi kuliko kwingine. Nilikuwa na mwenyeji. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana duka Kariakoo na huenda China kununua vitambaa. Alinipokea Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wamekuwa wakifanya biashara kwa miaka mingi, na Kiswahili nilikisikia kabla sijashusha begi. Mama mmoja wa Tanga alikuwa akigombana kwa simu na mtu wa Dar es Salaam juu ya kontena. Mpwa wangu alitaka nilale katika hoteli yake. Bei ilinitisha, nikamwambia, "Mwanangu, nitafutie mahali wanapolala wenye hali kama yangu." Akacheka, akanipeleka mahali paitwapo Shipai.

Shipai ni kijiji. Ninasema ni kijiji kwa sababu ndivyo Wachina wenyewe wanavyopaita: kijiji kilicho ndani ya mji. Kimezungukwa na maduka makubwa ya vioo ya Tianhe, lakini ukiingia ndani ya upenyo mmoja kati ya nyumba mbili unajikuta katika vichochoro ambavyo jua halifiki. Nyumba zina ghorofa sita, saba, nane, na zimekaribiana mno hata wenyeji huziita nyumba za kushikana mikono, maana mtu wa dirisha hili anaweza kumpa mkono jirani wa dirisha lile. Nyaya za umeme zimening'inia kama mizizi. Nguo zilizoanikwa hukutonea maji kichwani. Wamo vijana waliotoka mikoa ya mbali kuja kutafuta kazi, wapishi wa tambi, mafundi wa simu, wauza mboga. Chumba ni kidogo kama stoo. Lakini ni nafuu, na treni ya chini ya ardhi iko karibu, na nauli yake huanzia yuan 2.

Hadi miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Tianhe ilikuwa mashamba ya mpunga na mboga. Mwaka 1987 ukafunguliwa uwanja mkubwa wa michezo pale, na mji ukaufuata. Serikali ya mji iliyachukua mashamba ya wanakijiji kwa fidia. Lakini katika nchi ile ardhi ya kijiji si mali ya mtu mmoja mmoja, ni ya kijiji kizima, na ile ardhi ya makazi, pamoja na sehemu ndogo iliyotengwa kwa shughuli za uchumi za kijiji, ilibaki mikononi mwao. Hivyo mkulima aliyepoteza shamba hakufukuzwa. Alijenga juu ya kiwanja chake, akapangisha vyumba kwa wale waliokuja mjini. Katika miaka ya 1990 kijiji chenyewe kikageuzwa kuwa kampuni, wanakijiji wakawa na hisa, na mapato ya masoko na majengo ya pamoja yakawa yanagawanywa.

Kijiji kingine kilicho karibu na mto, kiitwacho Liede, kilibomolewa chote mwaka 2007. Wanakijiji waliuza kipande kimoja cha ardhi yao ya pamoja, na kwa fedha hizo zikajengwa ghorofa ndefu juu ya sehemu iliyobaki. Mwaka 2010, kabla ya Michezo ya Asia iliyofanyika mjini humo, walirudi kuishi pale pale walipozaliwa. Majumba ya kuwakumbuka mababu wa koo zao yalijengwa upya, na mashindano yao ya mitumbwi mirefu yangali yanafanyika katika mfereji uliopita kati ya ghorofa hizo.

Najua mtakayoniuliza, na ni haki yenu kuuliza. Je, wapangaji walipata nini? Hawakupata kitu, kijiji kikibomolewa, kibarua huambiwa ahame, naye hutafuta kichochoro kingine cha mbali zaidi. Je, wanawake? Katika vijiji vingi vya mkoa ule, binti aliyeolewa nje ya kijiji alinyimwa hisa, na kesi nyingi zimefika mahakamani kwa ajili hiyo. Na viongozi wa makampuni ya vijiji, je, wote walikuwa watu safi? Binadamu ni binadamu. Lakini mimi nilikuwa nikilinganisha na kwetu, na katika kulinganisha huko sikupata usingizi.

Siku moja mpwa wangu alikuja na kijana wa Kichina anayemtafsiria katika biashara zake. Tulimkuta mzee mmoja amekaa nje ya jumba la ukoo akicheza karata na wenzake. Alifurahi kusikia kwamba nami ni mtu wa shamba. Akaniuliza tunalima nini. Nikamwambia mihogo, korosho, na nanasi. Akauliza kama mji wetu uko mbali. Nikamwambia ulikuwa mbali, sasa unakuja. Akatikisa kichwa kama mtu anayejua habari hizo. Kisha akaniuliza, bila ya ubaya wowote, mzee mwenzake asiye mfanyabiashara amepata wapi nauli ya kufika China.

Nilimjibu kwamba ni kiinua mgongo changu cha ualimu.

Ndugu Mwenyekiti, huo ulikuwa uongo. Kiinua mgongo kilikwisha zamani katika ada za watoto na bati za nyumba. Nauli ile ilitokana na ekari mbili za shamba la marehemu mama yangu, lenye mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake, nilizomwuzia mtu wa Dar es Salaam ambaye hata sura yake siikumbuki vizuri. Dalali ndiye aliyekuja naye. Bei niliiona kubwa. Mwaka uliofuata ekari moja ya jirani yangu iliuzwa kwa bei niliyopewa mimi kwa zile mbili. Mnunuzi hajajenga, ameweka nguzo za saruji na waya wa miiba, na mikorosho imekuwa mkaa.

Jambo baya zaidi si hilo. Hati ya mauziano niliiandika mimi mwenyewe, kama nilivyowaandikia watu wengine wengi kabla ya hapo. Kila mtu wa kijijini akitaka kuuza shamba humwendea mwalimu, kwa kuwa mwalimu ana mwandiko mzuri na anajua kuweka nukta. Tunaandika jina la muuzaji, jina la mnunuzi, mipaka, mashahidi wawili kila upande, tunapewa shilingi elfu kadhaa za soda, basi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaipa Halmashauri ya Kijiji dhamana ya kuisimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote, na haiiruhusu kugawa ardhi kabla ya kupata idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Nani kati yetu, kabla ya kushika kalamu, amewahi kuuliza kama mkutano huo ulikaa? Mimi sikuuliza. Tena tusijifanye kwamba wanunuzi wote wanatoka Dar es Salaam. Humu ndani wamo watumishi waliokopa kwa dhamana ya mshahara ili wanunue viwanja vya kuviacha vikae. Sisemi ni kosa la jinai. Nasema tunajua yanayokuja kuliko wanavyojua hao wanaotuuzia, na bei tunayowapa ni ya mtu asiyejua.

Yanayokuja hayahitaji mganga. Bandari kavu ya Kwala katika Wilaya ya Kibaha ilizinduliwa mwaka 2025. Reli ya umeme inafanya kazi. Mji hautauliza kama tumejiandaa. Huko Tianhe haukuuliza. Tofauti ni kwamba ulipofika ulikuta kijiji kingali na kitu mkononi cha kujadiliana nacho. Mtu mmoja mwenye ekari mbili hana cha kujadiliana. Ana cha kuuza tu, mara moja.

Sisemi tuige Uchina, maana sheria zao ni zao na zetu ni zetu, na zetu katika jambo hili si mbaya hata kidogo zikisomwa. Nilichokuja kuomba ni kidogo kuliko hicho. Kila kijiji kilichowakilishwa hapa kikae, kabla shamba jingine halijauzwa, kiamue wazi na kwa maandishi mahali pa soko, pa shule, pa zahanati, pa makaburi, pa barabara, pa kisima, na pa hao mama lishe ambao hakuna anayewakumbuka mpaka siku ya kuwafukuza. Na pale ambapo mtu ana shida ya fedha, na shida zipo, zinajulikana, tumsaidie kufikiri kukodisha kabla ya kuuza. Walimu tukatae kuandika hati yoyote ambayo kijiji hakikuijadili. Najua tutachukiwa. Mimi nimekwisha kuchukiwa nyumbani kwangu. Mdogo wangu hasemi nami tangu ile miba ya waya ilipowekwa.

La mwisho ni dogo, na ndilo nililotaka tulifanye leo. Iko shule moja hapa jirani, sitaitaja jina, ambayo nilifundisha miaka mingi. Wiki iliyopita nilikwenda nikamwuliza mwalimu wa zamu mipaka ya eneo la shule iko wapi. Akanionyesha kama nilivyoonyeshwa mimi nilipokuwa kijana: kutoka mwembe ule mpaka mkorosho ule. Hakuna ramani ofisini, hakuna jiwe lililozikwa. Mwembe bado upo. Mkorosho nimeutafuta sikuuona. Palipokuwa na mkorosho sasa pana nguzo ya saruji. Ndugu Afisa Mtendaji yupo hapa, na wazee wanaokumbuka wako hai. Chai ikiisha, kabla jua halijawa kali, naomba tutembee mpaka pale.